Naenda Köln na mtoto wa miezi 7, nimwingize kwenye lile kanisa kubwa au niache?

Swali: "Shikamoo daktari. Mwezi wa 12 naenda Ujerumani kwa dada yangu anaishi Köln, kama wiki tatu hivi, na naenda na mwanangu wa miezi 7, tunatokea Dar. Tangu niko sekondari naiona picha ya lile kanisa lao la minara miwili na nimeapa safari hii sirudi bila kuingia, na ikiwezekana kupanda mpaka juu kabisa. Sasa mama mkwe kagoma. Anasema majengo ya mawe ya zamani yana baridi inaingia kifuani, mtoto atapata nimonia, kengele zitampasua masikio, na mle ndani wamezikwa watu, mtoto atashtuka apate degedege. Mume wangu yuko katikati hasemi kitu. Dada naye anasema mbeleko niiache Dar nitumie kigari, na kunyonyesha kanisani ni aibu. Niende au niache? Na nikienda nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Jibu la haraka ni nenda. Mimi ni daktari wa watoto na nafanya kazi huku huku Ujerumani, na hilo kanisa (wenyeji wanaliita Dom, basi) naingia kila nikipata nafasi maana liko mlangoni kabisa mwa stesheni kuu ya treni, ukitoka tu nje unainua shingo na unaona halina mwisho. Kwa hiyo nakujibu kama daktari lakini pia kama mtu anayelipenda lile jengo. Kupanda mnara ukiwa na mtoto, hapana, nitakueleza huko mbele. Na mama mkwe wako usimchukulie vibaya, hofu yake ni ya mtu anayempenda mjukuu, ila kaielekeza sehemu ambayo siyo. Kinachoweza kumdhuru mtoto kwenye safari hii ni watu wanaokohoa, ngazi, na haraka ya wazazi wanaotaka kumaliza mji mzima kwa siku moja. Hayo ndo ya kuogopa.

Tuanze na baridi. Nimonia haiji na baridi, inaletwa na vijidudu, virusi au bakteria, na hivyo mtoto anavipata kwa mtu mwingine, mtu kakohoa, mtu kampiga busu, mtu kamshika mikono halafu mtoto kaipeleka mdomoni. Sasa huku miezi ya baridi watu wote wanajifungia ndani, madirisha yamefungwa, mnapumuliana kwenye treni na madukani, basi mafua na kikohozi vinapamba moto kila mwaka wakati huohuo wa baridi, ndo maana tangu enzi za bibi zetu watu wameunganisha hivi vitu viwili. Jiwe halina nimonia. Abiria mwenye mafua aliyekaa mbele yako anaweza kuwa nayo.

Ila baridi yenyewe kama baridi usiidharau. Mtoto anapoteza joto haraka kuliko wewe, kwa sababu ukilinganisha na uzito wake ngozi yake ni kubwa, kichwa ni kikubwa kwa mwili ule, na nywele bado za kutafuta. Na Dom si sebule. Dari ya katikati iko mita 43 juu, joto lolote lililomo linapaa linakwenda huko. Halafu watu wanadhani kanisa la kigothi (mtindo wa ujenzi wa zamani wa Ulaya, kama hili Dom) ni kuta nene tu, kumbe sivyo, mafundi wale walitumia matao yenye ncha na nguzo kubwa za nje zinazopokea uzito wa dari, kuta zikabaki hazina kazi kubwa ya kubeba, wakazijaza vioo toka chini mpaka juu. Ni uzuri wa ajabu, lakini kioo hakikutunzii joto. Kwa hiyo utakuta ubaridi, ndiyo, ila hamna upepo wala mvua, na upepo ndo unaomwibia mtoto joto kuliko kitu kingine. Uwanja wa nje pale, Domplatte, unavuma upepo mpaka machozi yanakutoka. Nikiambiwa nichague mtoto akae nusu saa wapi mwezi wa 12, ndani au nje ya Dom, namweka ndani bila kufikiria mara mbili.

Mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, kofia ya sufu, soksi nzito. Ukimbeba kifuani ndani ya koti lako basi mwili wako ni nguo tosha, hiyo ya ziada huihitaji. Usipime baridi kwa kushika vidole, vidole vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa hana shida, ingiza mkono nyuma ya shingo. Pakiwa na uvuguvugu yuko sawa, pakiwa na jasho umemzidishia, na hili la kuzidisha ndo kosa nnaloliona sana kwa wageni kutoka kwetu, mtoto kavikwa tabaka tano halafu wanaingia kwenye treni ina hita, mtoto anaiva mle ndani. Ukiingia sehemu ya joto vua kofia, fungua koti, hata kama amelala. Na kama utatumia kigari usikifunike chote na blanketi, hewa inazunguka vibaya.

Mbeleko usiiache Dar. Hapa dada yako simuungi mkono kabisa. Mtoto akikaa kwenye mbeleko magoti yamepanda juu kidogo kuliko matako na mapaja yametanuka, nyonga zake zinakaa vizuri, na akina mama wa Kijerumani wenyewe wananunua vitambaa vya kubebea watoto kwa bei kubwa tu, huna cha kuonea haya. Kigari kwenye umati wa watalii utakuwa unaomba njia kila hatua. Ninachokuomba ubadilishe ni upande, mbebe mbele, si mgongoni. Kwetu mgongoni ni sawa maana uko nyumbani na kila anayepita ni macho ya mtoto. Kwenye umati wa wageni huoni nani anamshika, nani anamkoholea, na huoni kidevu chake. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba na laini, akilala kidevu kikaangukia kifuani inajikunja, na hatalia, atanyamaza tu. Akiwa mbele uso wake unauona muda wote, pua na mdomo viko wazi, na ukiinama kidogo unafika kumbusu utosini. Ukiona hivyo kakaa sawa.

Sasa kengele. Kweli Dom wana kengele ya kutisha, inaitwa kengele ya Mtakatifu Petro, wenyeji wanaiita Decke Pitter, iliyeyushwa mwaka 1923 na ina uzito wa tani 24. Ila hailii ovyo, ni sikukuu kubwa kubwa tu, Krismasi ikiwemo, na iko juu mnarani. Wewe uliye chini ndani ya kanisa unaisikia kama ngurumo inayopita kwenye mawe, unaihisi kifuani zaidi ya masikioni. Kinachoharibu sikio ni ukali wa sauti pamoja na muda unaokaa nayo. Mtu mzima kiwandani kipimo cha tahadhari ni desibeli 85 kwa saa 8. Sikio la mtoto ni dogo, tundu lake fupi, kwa hiyo sauti nyembamba zinamchoma zaidi yako, lakini mlio wa dakika chache unaotoka mbali huko juu haumpasui mtu sikio. Ukiwa nje chini ya mnara zikaanza kulia na akakunja uso, sogea, ingia ndani au vuka mtaa.

Mimi kengele hainipi shaka, kinanda kinanipa kidogo. Mle ndani mawe hayanyonyi sauti, neno moja likitamkwa kwa nguvu linazunguka zaidi ya sekunde 10 kabla halijafa. Nje ukijitenga na spika sauti inapungua haraka, kanisani hata ukisogea nyuma sana bado inakurudia kutoka kila ukuta, yaani kuhama benchi hakusaidii sana. Kwa hiyo kama umeingia kwenye misa kubwa kinanda kikafunguliwa chote na mtoto anahangaika, toka nje kabisa, usihamie tu benchi za nyuma. Ukitaka uwe na amani nunua zile hedifoni za watoto za kuzuia kelele, zinafunika sikio kwa nje. Pamba masikioni usiweke, itaishia mdomoni. Na akishtuka mara moja akatupa mikono, akalia, ukambembeleza akatulia, hiyo ni kushtuka tu hata wewe unashtuka, haijamdhuru.

Wengine wa umri huu wanaifurahia hiyo mwangwi ujue. Nimewaona mle ndani, mtoto anapiga ukelele mmoja, sauti inarudi, ananyamaza macho yamemtoka, anasikiliza, halafu anapiga mwingine kuona kama itarudi tena. Wazazi wanakimbilia kumziba mdomo. Muda wa utalii mwachie mara mbili tatu. Muda wa ibada ndo unatoka naye, na ibada zikiendelea watalii hawaruhusiwi kuzungukazunguka hata hivyo, kuna wasimamizi wa ndani wanaitwa Domschweizer watakusimamisha kwa heshima. Angalia ratiba ya siku hiyo kabla hujatoka nyumbani, Jumapili asubuhi ni misa.

Kunyonyesha. Hakuna aibu, na Papa Francis mwenyewe akibatiza watoto kwenye kanisa la Sistine pale Vatican aliwaambia akina mama zaidi ya mara moja kwamba mtoto akilia kwa njaa anyonyeshwe palepale. Kaa benchi za pembeni, tupia khanga begani, nyonyesha. Na dada yako mkumbushe Dom ile imejengwa kwa ajili gani. Mwaka 1164 yaliletwa pale kutoka Milano mabaki yanayoaminika ni ya wale Mamajusi waliosafiri kutoka mashariki kwenda kumwona mtoto Yesu, mahujaji wakawa wengi kanisa la zamani likaonekana dogo, mwaka 1248 wakaanza kujenga hili. Kazi ikasimama karne ya 16, mnara mmoja ukabaki nusu na winchi ya mbao juu yake zaidi ya miaka 300, wakamaliza mwaka 1880. Sanduku la dhahabu la hao Mamajusi liko nyuma ya altare kuu, na kwenye kikanisa cha pembeni kuna picha aliyoichora Stefan Lochner karne ya 15, Maria katikati kampakata mwanawe na wageni wamepiga magoti. Kanisa zima limesimama kwa sababu ya watu waliosafiri mbali kumtazama mtoto mchanga. Wewe umesafiri mbali na wako unaye mkononi, utaonaje haya hapo.

Na mtoto naye atafaidi, usidhani unamburuza. Miezi 7 anaona rangi vizuri na anaona mbali. Nenda kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana, mkono wa kusini wa kanisa kuna dirisha kubwa la msanii Gerhard Richter lililozinduliwa mwaka 2007, halina watakatifu wala hadithi, ni vipande 11,263 vya mraba vya vioo vya rangi 72. Mwezi wa 12 jua la huku halipandi, linakaa chini chini hata saa sita mchana, kwa hiyo mwanga unaingia kwa kulala na zile rangi zinamwagika ndani kabisa kwenye nguzo na sakafu. Ukibahatika na jua, maana mawingu huku ni mengi, simama kwenye ule mwanga na mtoto kifuani, subiri rangi nyekundu ikuangukie kwenye mkono wa koti. Ataitazama, atafungua kiganja, atajaribu kuikamata, ataangalia ndani ya ngumi yake. Hapo ndo umefika ulikokuwa unakwenda, mengine ni nyongeza. Mishumaa mtazame nayo kwa mbali, mikono ya miezi 7 ina kasi. Na sakafuni usimwachie atambae, viatu vya dunia nzima vimepita hapo na theluji na chumvi ya barabarani.

Nusu saa inatosha. Akili ya mtoto inapokea vitu vyote kwa mpigo, urefu, mwangwi, sura ngeni, harufu ya ubani, hana namna ya kuchuja, na ikijaa anaanza kugeuza uso, kupiga miayo, kusugua macho, kukunja ngumi. Hizo ndo dakika za kutoka, ukisubiri kilio umechelewa. Kesho utarudi, unakaa wiki tatu. Kama siku hiyo ni ya misa kubwa na ubani umefukizwa sana na mtoto ana historia ya kubanwa kifua, iache, moshi unakwaruza njia ya hewa. Pampasi badilisha kabla hujaingia, na begi kubwa acha kwenye makabati ya stesheni maana mizigo mikubwa hawaruhusu.

Mnara sasa. Ngazi 533, hamna lifti, ni ngazi nyembamba za kuzunguka na utapishana na watu wamechoka wanaohema juu ya kichwa cha mwanao. Ukiwa umembeba mbele huoni unapokanyaga, uzito umevutwa mbele, na jiwe la ngazi limelika katikati kwa miguu ya watu. Ukimbeba mgongoni kila kona kichwa chake kiko karibu na ukuta kuliko unavyodhani. Njiani unapita pale zilipo kengele, na pale si kama chini kanisani, ikipigwa uko nayo bega kwa bega, hapo ndo maneno ya mama mkwe yana ukweli. Na akianza kulia kwenye ngazi ya 300 hamna pa kutokea pembeni. Sijaona faida yoyote kwa mtoto inayofanana na hiyo hatari. Mnyonyeshe ashibe, mwachie dada yako kwenye mgahawa wenye joto, panda mwenyewe, kule juu ni kama mita 97, utaona mto Rhine wote. Ukitaka mtazame mji pamoja, vukeni daraja la treni la Hohenzollern mwende ng'ambo ya mto, mtaa unaoitwa Deutz, kuna jengo linaitwa KölnTriangle, lifti inawapeleka karibu mpaka juu, na uzuri wake ni kwamba Dom yenyewe unaiona, ambayo ukiwa juu ya Dom huioni.

Nilisema kuna watu wanaokohoa. Chanjo ya surua kwetu inaanza miezi 9, kwa hiyo mwanao wa miezi 7 hana kinga yake, na surua iko Ulaya vilevile. Kabla ya safari nenda kliniki na kadi yake, hakikisha pentavalenti na nyingine zote za umri wake zimekamilika, na waulize kuhusu dozi ya mapema ya surua kwa ajili ya safari, inaweza kutolewa kuanzia miezi 6 na ile ya miezi 9 atapata kama kawaida. Hilo soko la Krismasi pembeni ya Dom linapendeza sana lakini jioni watu wanabanana, mpeleke mchana siku ya kazi. Anayetaka kumpakata aoshe mikono, mwenye mafua ampungie kwa mbali, hata kama ni shemeji.

Limebaki la makaburi na degedege, na hili naomba umsomee mama mkwe kwa sauti. Ni kweli mle wamezikwa maaskofu, karne kwa karne. Hawamfanyi mtoto kitu. Degedege kwa mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5 mara nyingi inaletwa na homa inayopanda, ubongo mdogo unashindwa kuhimili, na homa kwa mtoto aliyetoka Dar, kitu cha kwanza cha kufikiria ni malaria. Malaria kali inaweza kujitokeza siku 7 mpaka mwezi tangu mbu amng'ate, wakati mwingine hata baadaye, maana yake anaweza kuondoka Dar mzima na akaugua katikati ya Krismasi huko Köln. Na hapa kuna tatizo, daktari wa mtaani huku akiona mtoto ana homa mwezi wa 12 anafikiria mafua, wengi malaria hawaioni mara kwa mara. Usipoitaja wewe inaweza isipimwe.

Kwa hiyo joto likifika 38 usitoe panadol ukasubiri kesho, siku hiyohiyo apelekwe hospitali yenye idara ya watoto na neno lenu la kwanza mlangoni liwe ametoka Tanzania, apimwe malaria sasa hivi. Vilevile mpeleke akihema haraka, mbavu zikiwa zinazama ndani akivuta hewa, pua zikitanuka, akikataa ziwa, pampasi ikikaa kavu muda mrefu, au akilegea na hakuangalii. Akipata degedege mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, piga 112 na usingoje kuona kama itaisha, kwa mara ya kwanza inahitaji daktari hata ikikata yenyewe. Ushauri wa usiku au wikiendi usio wa dharura ni 116 117, dada yako atakutafsiria. Na bima ya safari, ile ya viza ya kuanzia euro 30,000, hakikisha mtoto ana ya kwake yenye jina lake, na karatasi yake itembee kwenye begi moja na kadi ya kliniki.